Dawa Isiingie kwenye Buti

Basi la Mwanza huondoka Dar es Salaam alfajiri, na mbele yake kuna zaidi ya kilomita 1,100. Konda anapokea mabegi, anayasukuma ndani ya buti, anafunga. Kwa abiria wengi habari ya mizigo imeishia hapo. Kwa anayejichoma insulini bado kuna swali moja: dawa iko wapi?

Ikiwa iko kwenye buti, iko pabaya. Insulini ni protini, na joto kali huiharibu polepole, mara nyingi bila kuibadili sura. Kichupa kisichofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Kilichoanza kutumika huweza kukaa nje takriban wiki 4, mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30, kulingana na maelezo ya mtengenezaji. Buti la basi kwenye jua la Dodoma haliangalii maelezo hayo. Kwenye ndege hatari hugeuka: mizigo ya chini inaweza kupigwa na baridi kali, na insulini iliyoganda ni ya kutupwa hata ikiyeyuka. Dawa, sindano, mashine ya kupimia na barua ya daktari vikae kwenye begi la mkononi.

Asiye na barafu asikate tamaa. Katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto la ndani ya nyumba za wakimbizi, kisha wao na Chuo Kikuu cha Geneva wakaijaribu insulini maabarani katika joto la kupanda na kushuka, kati ya nyuzi 25 na 37, kwa wiki 4. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba dawa ilibaki na nguvu yake. Hiyo si ruhusa ya kuiacha kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani. Kitambaa kibichi kikizungushiwa mfuko wa dawa huupoza kadiri maji yanavyokauka, kama mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Barafu ikipatikana, isigusane na kichupa.

Chakula ndicho kinachowaponza wengi. Mtu amejichoma asubuhi akitegemea kula njiani, kumbe lori limelala mlimani Sekenke na magari yamesimama saa tatu nzima. Basi likisimama abiria wachimbe dawa, porini hakuna hata kibanda. Sukari inashuka: jasho jembamba, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno kuchanganyika. Hali hiyo huwapata hata wanaomeza vidonge kama glibenklamaidi. Mashine ikisoma chini ya 3.9 mmol/L, zinahitajika gramu 15 hivi za sukari: vijiko vitatu au vinne vya chai vya glukosi kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, kisha kupima tena baada ya dakika 15. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu hapo. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, awahishwe hospitali. Ndiyo maana ni busara kumweleza jirani wa kiti mapema, naye asimwone mgonjwa akadhani amelewa.

Dawa ibebwe mara mbili ya mahitaji, kwani safari ya siku tatu huweza kugeuka wiki.

Wanaokwenda India kutibiwa wana tahadhari yao. Huko vichupa vya uniti 40 kwa mililita bado vinauzwa sana, wakati vya kwetu kwa kawaida ni vya uniti 100. Insulini ya uniti 100 ikivutwa kwa bomba la uniti 40, mgonjwa hupata dozi mara mbili na nusu, kiasi cha kuweza kuua. Mabomba ya kutosha yatoke nyumbani pamoja na dawa yake, na kichupa cha ugenini kisomwe kabla ya kuvutwa.

Viatu je? Vilivyozoeleka. Kisukari huweza kuitia miguu ganzi, na lengelenge la kiatu kipya cha harusini linaweza kuwa kidonda kabla mwenyewe hajahisi maumivu. Kila jioni soksi zivuliwe, nyayo zikaguliwe, hata katikati ya vidole.