Kabla ya Kununua Kadi ya Kumbukumbu, Ifahamu Kwanza Kompyuta Yako

Na Afisa Habari, Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Kompyuta mpakato imara zimetengenezwa kwa ajili ya kazi zinazofanyika mbali na ofisi. Kasha lake ni la metali, matundu yake yana vifuniko, nayo hustahimili vumbi, mtikisiko na manyunyu kuliko kompyuta za kawaida. Kwa kuwa mpya huuzwa ghali, vikundi vya akiba, kamati za maji, shule na watu binafsi hununua zilizokwishatumika, na bado huzifaa kazi zao kwa miaka mingi.

Hata hivyo, kasha kudumu si sawa na kila kilichomo ndani kwenda na wakati. Sehemu inayosoma kadi ya kumbukumbu, ambayo wengi huiita memori kadi, hubaki na uwezo wa mwaka ilipotengenezwa. Mwananchi anaponunua kadi kubwa ya kisasa na kuichomeka kwenye kompyuta ya zamani, huenda isisomeke kabisa. Hasara ya fedha hiyo ni ndogo. Iliyo kubwa ni kufutika kwa daftari la wanachama, hesabu za mikopo au vipimo vya viwanja, kwa kubofya kitufe kimoja tu.

Aina tatu zenye umbo moja

Kadi za SD zimekuwapo tangu miaka ya mwisho ya 1990, nazo zimegawanyika katika vizazi. Kizazi cha kwanza huandikwa SD pekee, na ujazo wake huishia gigabaiti 2. Cha pili, SDHC, kilitangazwa mwaka 2006, nacho huanzia juu ya gigabaiti 2 hadi 32. Cha tatu, SDXC, kilitangazwa mwaka 2009, nacho huanzia juu ya gigabaiti 32. Zinazopatikana kwa wingi katika kundi hilo ni za gigabaiti 64 na kuendelea.

Kinachowachanganya wanunuzi ni kwamba zote zina upana na urefu uleule, milimita 24 kwa 32, hivyo huingia tundu moja bila kizuizi. Kanuni ya kukumbuka ni hii: kisomaji kipya husoma kadi ya zamani, bali kisomaji cha zamani hakilazimiki kusoma kadi mpya. Kompyuta iliyotengenezwa kabla ya mwaka 2006 ichukuliwe kuwa ni ya kadi za SD pekee, mpaka itakapothibitika vinginevyo. Baadhi ya visomaji vya awali kabisa husumbuka hata na kadi ya gigabaiti 2, na hapo iliyo salama ni ya gigabaiti 1.

Zile kadi ndogo za simu, microSD, hutumika kwa kuwekwa ndani ya adapta. Lakini adapta hubadilisha umbo tu. Kadi ndogo ya SDXC iliyo ndani ya adapta inabaki kuwa SDXC.

Namna ya kuitambua kompyuta yako

Kwanza, tazama alama iliyo kando ya tundu la kadi. Ikiwa imeandikwa SDHC au SDXC, jibu umekwishalipata. Ikiwa ni SD pekee, endelea kuchunguza, kwani alama hiyo peke yake haitoshi.

Pili, geuza kompyuta uandike namba kamili ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha chini. Panasonic Toughbook CF-19, kwa mfano, ilitengenezwa kwa miaka mingi katika matoleo kadhaa. Kusema tu kwamba unayo CF-19 hakumsaidii fundi. Herufi zinazofuata ndizo zinazotofautisha toleo la awali na la baadaye. Kwa namba hiyo kamili, kitabu cha maelekezo cha mtengenezaji hutaja kadi zinazokubalika.

Tatu, angalia programu endeshi. Windows XP ya zamani ilihitaji nyongeza kutoka Microsoft ili kusoma kadi za SDHC. Aidha, kadi za SDXC hupangwa kwa mfumo wa mafaili uitwao exFAT, ambao Windows XP haiufahamu bila nyongeza iliyotolewa mwaka 2009. Windows 7 na zilizofuata huufahamu.

Nne, ikiwezekana, nenda dukani na kompyuta yenyewe na ujaribu kadi kabla ya kulipa.

Ujumbe wa kuogopwa

Kompyuta isipoielewa kadi, mara nyingi huonesha ujumbe kwamba kadi haijafomatiwa, kisha huuliza kama ifomatiwe sasa. Ndugu mwananchi, kama kadi hiyo ina kumbukumbu, jibu ni hapana. Ujumbe huo haumaanishi kwamba kadi ni tupu au imeharibika. Mara nyingi humaanisha tu kwamba kompyuta imeshindwa kuisoma. Ukikubali, unaweza kupoteza kila kilichomo. Ichomoe, uijaribu kwenye kompyuta mpya zaidi, unakili mafaili yako, kisha ndipo ufikirie kuifomati.

Njia nafuu kwa wengi

Iwapo tundu la ndani halisomi kadi unayoihitaji, hakuna sababu ya kuitupa kompyuta. Kisoma kadi cha nje kinachochomekwa kwenye tundu la USB hufanya kazi badala ya kile cha ndani. Chagua kinachotaja aina ya kadi yako, na ukumbuke kwamba programu endeshi nayo lazima iufahamu mfumo wa mafaili wa kadi hiyo. Kwa maandishi, orodha na hesabu, SDHC ya gigabaiti 8 au 16 inatosha kabisa. Ujazo mkubwa kupita mahitaji hauna faida.

Jihadhari na kadi bandia

Zipo kadi zinazojitambulisha kuwa na ujazo usiokuwapo. Hupokea mafaili bila kulalamika, kisha yanayozidi ujazo halisi huharibika kimyakimya. Kadi mpya ijaribiwe ikiwa bado tupu, kwa programu ya bure kama H2testw, ambayo huijaza kadi yote na kuyasoma tena yaliyoandikwa. Ikishindwa, irudishe dukani pamoja na risiti.

Nakala moja haitoshi

Kadi ya kumbukumbu ni chombo cha kubebea taarifa, si ghala la pekee. Kila kikundi kinashauriwa kuwa na nakala ya pili kwenye flashi au kompyuta nyingine, itunzwe na kiongozi tofauti na anayetunza ya kwanza. Kabla ya kuchomoa kadi, tumia amri ya kuiondoa kwa usalama, na baada ya hapo funga kifuniko cha tundu ili vumbi lisiingie.

Mwenye mashaka asifomati wala asinunue kwa kubahatisha. Afike na kompyuta, kadi na namba ya modeli kwa Afisa TEHAMA wa Halmashauri ili apatiwe ushauri.