Mjomba, Hii Si Kamari, Ni Hesabu

Wazazi wengi hapa Pwani sasa wanaijua mikeka ya mpira, na wanakijua kile kindege cha kwenye simu kinachopaa na kutoweka na pesa za watu. Poka ya mtandaoni hawaijui. Mzazi akimwona mwanawe amekaa na laptopu usiku wa manane, daftari la namba pembeni, humshukuru Mungu kwamba kijana anasoma. Na kusema kweli, anasoma. Swali ni anasoma nini.

Mpwa wangu yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja cha kiufundi hapa Mombasa. Nilipomuuliza mbona macho yake mekundu kila Ijumaa, hakunificha. "Mjomba, hii si kamari, ni hesabu," akanambia, akafungua kompyuta anionyeshe. Nilikaa naye jioni tatu. Mimi nilisomea uhasibu ngazi ya diploma, kwa hiyo namba hazikunitisha. Ninaziandika hapa kwa sababu mzazi atakayepiga kelele bila kuzijua atashindwa hoja na mtoto wa miaka 20.

Poka inayochezwa zaidi mtandaoni huitwa Texas Hold'em. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja. Kila hatua mtu huongeza dau, hulipa la mwenzake au hujitoa. Sasa tuseme umeshika kopa mbili, na katika zile tatu za mezani pana kopa mbili nyingine. Ukipata ya tano huenda ukashinda. Karata usizoziona ni 47, na kopa zilizobaki humo ni 9. Basi uwezekano wa karata ijayo kuwa kopa ni kama asilimia 19. Mezani pana shilingi 300, mwenzako anaongeza 100. Ukilipa 100 yako, jumla itakuwa 500, kwa hiyo unahitaji kushinda walau asilimia 20 ya wakati usile hasara. Kumi na tisa haifiki ishirini, kwa hiyo kwa hesabu ya karata hiyo moja tu, unajitoa. Lakini angeongeza 50 badala ya 100, ungehitaji asilimia 12 na nusu tu, na hapo unalipa bila kusitasita.

Kijana hujifunza hesabu za namna hii mpaka azifanye kwa sekunde chache, tena kwenye meza nne kwa wakati mmoja. Programu humhifadhia kila mgao wa karata, wenyewe huita mkono, na kesho yake hurudia mmoja mmoja kuona alipolipa asipostahili kulipa. Zipo programu nyingine za kukokotoa uchezaji usio na mwanya. Na hujizoeza kutokasirika, kwa sababu mchezaji aliyekasirika huongeza dau ili arudishe pesa zake, na huyo ndiye wenzake wanayemngoja. Sitamnyima haki yake: ni bidii, na ningefurahi kuiona katika masomo yake ya umeme.

Mambo haya hayakuanzia kwetu. Mwaka 2003 mhasibu mmoja Mmarekani, Chris Moneymaker (ndilo jina lake la kweli), aliingia katika mashindano ya dunia ya poka kupitia shindano dogo la mtandaoni lililomgharimu dola 86. Akawashinda watu zaidi ya 800 na kutoka na dola milioni 2.5. Mabweni ya vyuo vya Marekani yakajaa wachezaji, na wako walioacha masomo kabisa. Kisha tarehe 15 Aprili 2011 serikali yao ikafunga anwani za mitandao mikubwa mitatu. Mmoja wao, Full Tilt, haukuwa na pesa za kuwalipa wachezaji waliokuwa wameweka akiba humo. Wengi wa Marekani walianza kulipwa mwaka 2014. Kijana wa miaka 20 na karo ya muhula kesho, mngojeshe miaka mitatu uone.

Tuje kwenye hesabu ambayo mpwa wangu hakuwa ameifanya. Yeye hucheza meza za bei ya chini, ambapo dau kubwa la lazima ni senti 5 za dola. Mchezaji mzuri wa meza hizo akipata faida ya madau matano kwa kila mikono 100, amefanya vyema. Hiyo ni senti 25. Kwa meza nne atacheza kama mikono 250 kwa saa, yaani senti 62 hivi, karibu shilingi 80 zetu. Huyo ni mzuri. Wa kawaida hupoteza, kwa sababu pesa za mezani hazizai. Anachopata huyu kimetoka kwa yule, na mwenye mtandao hukata chake kabla, mara nyingi karibu asilimia 5 ya kila dau lililogombewa.

Tena bahati haiondoki haraka. Hata huyo mzuri, baada ya mikono 10,000, ambayo ni kama saa 40 za kukodoa macho, uwezekano wa kujikuta na hasara ni karibu mara tatu katika kumi. Daftari la mpwa wangu lilionyesha mikono 38,000 na faida ya dola 41. Yeye aliona ushahidi kwamba anaweza. Mimi niligawa: saa 152, shilingi 35 kwa saa. Na dola 41 kwa mikono hiyo bado inaweza kuwa bahati tupu. Mtaji alianza nao kwa kumega mkopo wake wa HELB, na karo iliyobaki hulipwa na mama yake, dada yangu, kwa viazi karai anavyouza Mwembe Tayari. Dola 41 hazifiki shilingi 5,500, na kwa kukosa vipindi vya asubuhi ana mitihani miwili ya kurudia.

Vipindi anavikosa kwa nini? Wachezaji dhaifu wenye pesa wako Ulaya na Amerika. Saa mbili usiku New York, mtu ametoka kazini na anataka kujiburudisha, hapa ni saa tisa au saa kumi za usiku kutegemea msimu. Kijana anazima kompyuta adhana ya alfajiri ikiita, na anaisikia akiwa anapanda kitandani. Huyo anayemngojea pia huenda asiwe binadamu. Mwaka 2017 programu iitwayo Libratus, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa kwa mikono 120,000. Mwaka 2019 ikaja Pluribus, ikawashinda wazoefu kwenye meza ya watu sita. Mitandao hupiga marufuku programu kucheza, na hupambana nazo kila siku, lakini kijana wa Majengo hana njia ya kujua nani ameketi upande wa pili.

Baki hoja yake kubwa, kwamba penye ujuzi hapana kamari. Hii imenigusa zaidi, maana hata baadhi ya maustadhi humjibu vijana kwamba kamari ni bahati nasibu tu, na hapo kijana huwatoka. Wanavyuoni hawakuishia kwenye bahati. Katika maysir, iliyokatazwa katika Suratul Maida aya ya 90, walitazama pia pesa: kila mmoja anaweka chake, na mmoja anaondoka na cha mwenzake bila kumuuzia wala kumfanyia kazi yoyote. Ujuzi hauiondoi sifa hiyo. Mbio za farasi, za ngamia na kurusha mishale ziliruhusiwa zawadi kwa masharti, nayo ilikuwa ruhusa maalumu kwa mambo yaliyokuwa na faida ya kuilinda jamii. Mpwa wangu alisikiliza, akauliza: na shatranji je, kwa zawadi ya mdhamini? Nikamwambia hilo ni suala jingine, zawadi haikutoka mifukoni mwa wachezaji, na wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya mchezo wenyewe. Aulize kwa anayejua zaidi yangu.

Kwa mzazi mwenye kijana wa aina hii, usianze na laptopu wala usiivunje. Muulize mtaji ulitoka wapi, amecheza mikono mingapi, na kwa saa ngapi. Anayejifunza kwa dhati atakuwa na majibu yote matatu yameandikwa. Kaa naye mgawanye, kisha muulize fundi wa umeme wa mtaani anamlipa kibarua wake shilingi ngapi kwa siku.