Kukamatwa kwa kosa la kesho

Hebu fikiria unagongewa mlango alfajiri. Nje wamesimama polisi. Unauliza umekosa nini, nao wanajibu: bado hujakosa, ila ungekosa.

Hicho ndicho kisa cha filamu ya Minority Report, iliyoongozwa na Steven Spielberg na kutoka mwaka 2002. Msingi wake ni hadithi fupi ya Mmarekani Philip K. Dick ya mwaka 1956. Tuko Washington, mwaka 2054. Watu watatu wenye kipaji cha kuona yajayo wamelazwa ndani ya maji, na polisi hutumia wanayoyaona kumkamata muuaji kabla hajaua. Mkuu wa kikosi, John Anderton (Tom Cruise), anaiamini kazi yake mpaka siku jina lake mwenyewe linapojitokeza: atamuua mtu asiyemjua.

Anamfikia mtu huyo, bastola mkononi, akiwa na kila sababu ya kumchukia. Saa iliyotabiriwa inatimia, lakini Anderton hafyatui. Anaanza kumsomea haki zake. Yanayofuata sitayasema, nisimharibie asiyeitazama. Lakini swali limeshaulizwa: kama binadamu anaweza kugeuka dakika ya mwisho, wale waliokwisha kufungwa wamefungwa kwa kosa gani?

Tusidhani haya ni ya sinema tu. Polisi wa Chicago walikuwa na orodha ya kompyuta iliyowapa watu alama kwa kukadiria nani atapiga au kupigwa risasi; iliachwa mwaka 2019. Mji wa Santa Cruz, California, ulianza mwaka 2011 kutumia programu ya kutabiri uhalifu utatokea wapi, kisha mwaka 2020 ukaipiga marufuku. Kompyuta haioni kesho, inasoma mafaili ya jana. Mtaa uliosakwa sana jana ndio unaopelekewa askari leo, na askari wakijaa, makosa hayakosi kuonekana.

Na sisi tusicheke. Tanganyika ilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini mwaka 1962, miezi michache tu baada ya uhuru, na Kenya ikaruhusu jambo hilo mwaka 1966. Mtu angeweza kufungwa bila kufikishwa mahakamani, hata kwa kuhofiwa atakalotenda. Hapakuhitajika kompyuta wala waona mbali.

Mimi mwenyewe, kabla sijaondoka nyumbani, niliwahi kuwekwa ndani siku mbili kwa makala ambayo sikuwa nimeiandika. Afisa mmoja aliniambia kwa upole kabisa: “Bwana mwandishi, tunakufahamu. Ungeiandika tu.”

Kilichoniuma ni kwamba sikuwa nimeamua. Nilikuwa na mtoto mchanga, na usiku ule walipokuja nilikuwa naelekea kuiacha.

Waliponiachia, niliiandika. Wao watasema utabiri wao ulitimia. Mimi nasema waliuzaa wenyewe.