Mgeni afundishwe kabla ya kupewa fimbo



Naomba kuzungumza na walimu na wazazi wenzangu juu ya mchezo wa fimbo kwa watoto.

Huku kwetu Kilwa mtoto akikosa mpira hakosi upongoo wa mnazi. Jioni wavulana hushika pongoo hizo, wakasimama wawili wawili na kupigana kwa mchezo. Miaka mitatu iliyopita nilianza kuwakusanya kiwanjani wacheze mbele ya macho yangu. Pongoo nilizikataza, nikawakatia uti mbichi wa jani la mgomba, ambao ni mwepesi na laini. Nikaona nimemaliza kazi. Kumbe sivyo.

Mwaka jana alihamia kwetu mwanafunzi wa darasa la sita. Alikuwa na umbo kubwa, nami nikadhani mchezo anaujua. Siku ile ile nikampa uti akaingia. Wenzake walijua kuwa nikiita "Basi!" mikono hushuka papo hapo. Yeye hakujua. Niliita, mwenzake akashusha mkono, yeye akapiga. Tena uti wenyewe ulikuwa umekauka na kuchongoka. Mtoto wa watu alipasuka juu ya jicho, upana wa kidole tu kutoka kwenye mboni.

Baba yake alikuja kuniuliza swali moja: "Mwalimu, yule mgeni ulimfundisha nini kabla ya kumpa fimbo?" Nilikosa jibu. Wahenga hawakukosea waliposema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Baadhi ya walimu wenzangu walitaka mchezo huu upigwe marufuku. Sikubaliani nao. Tukiukataza kiwanjani, watoto watauhamishia minazini, kwa pongoo kavu, bila mtu mzima. Isitoshe, michezo ya fimbo ni urithi wa pwani yetu. Lamu kuna kirumbizi, ambapo wawili huchezeana fimbo kwa mlio wa ngoma na zumari. Makunduchi, kisiwani Unguja, kila Julai katika sherehe ya Mwaka Kogwa wanaume wa pande mbili hupigana kwa mapande ya mgomba, kisha hurudi makwao wakiwa ndugu. Lakini wale wameikuta desturi na mipaka yake tangu utotoni. Mgeni hakuikuta, lazima aambiwe.

Wala ulaini wa silaha peke yake hautoshi. Katika mchezo wa kendo wa Wajapani hutumika fimbo ya vipande vinne vya mwanzi, na mchezaji hufundishwa kuikagua kabla ya kucheza, maana kibanzi kimoja kinaweza kumpofua mtu. Mwaka 1982 mjini Roma, Vladimir Smirnov wa Umoja wa Kisovieti, bingwa wa Olimpiki ya 1980, alichomwa na upanga wa mpinzani wake uliovunjika ukapenya kinga yake ya uso. Alifariki. Ikiwa bingwa aliyevaa kinga alipatwa na hayo, je, mtoto asiye na kinga yoyote?

Siku hizi kwangu mgeni hapewi uti siku ya kwanza. Hukaa akatazama, kisha huzitaja sheria kwa kinywa chake mwenyewe. Kwanza, kagua uti. Ukikauka au ukipasuka, tupa. Pili, piga mabega, mikono na mapaja. Kichwa, uso na shingo haviguswi, na kuchoma kwa ncha ni mwiko. Tatu, "Basi" ikitamkwa na yeyote, hata mtazamaji, mchezo umesimama. Nne, mwenye hasira hutoka. Halafu hucheza polepole na mwenzake mzoefu, nami naita "Basi" mara kumi. Akishusha mkono mara zote kumi, ndipo anaingia. Akikosa hata moja, tunaanza upya kesho.

Nashauri maafisa utamaduni na walimu wa michezo wakae na wazee wanaoifahamu michezo hii, sheria ziandikwe kama zilivyoandikwa za mpira.

Yule mgeni wa mwaka jana sasa ndiye anayewafundisha wageni wengine neno "Basi". Aliyeumia ana kovu juu ya jicho, na kila nikiliona darasani nakumbuka swali la baba yake. Je, mwalimu mwenzangu, ukiulizwa wewe utajibu nini?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilwa, Lindi.