Miaka Miwili kwa Jirani: Mwalimu wa Bukavu Katika Nchi ya Tanzania

Tangu turudi Bukavu mwezi wa nane mwaka 2025, watu wengi wametuuliza swali moja: "Mwalimu, kule Tanzania uliona nini?" Wanafunzi hutuuliza habari za bahari na za gari moshi. Akina mama hutuuliza bei ya unga. Wazee hutuuliza kama huko watu hulala usingizi. Na jamaa wengine, kwa sauti ya chini, hutuuliza kwa nini tulirudi. Maswali hayo yote ni ya haki, nasi twaona yafaa kuyajibu hapa kwa pamoja, ili kila mmoja apate fungu lake.

Kwanza twakiri kwamba hatukwenda mbali kama wale waendao Ulaya au Marekani. Tulikwenda kwa jirani tu. Lakini mtu aweza kuwa mgeni hata kwa jirani yake, na pengine mafunzo ya huko humwingia zaidi, kwa sababu alidhani hana la kujifunza.

Safari yenyewe

Tulimaliza masomo yetu katika Taasisi ya Juu ya Ualimu ya Bukavu mwaka 2023, tukiwa na umri wa miaka 33, maana kabla ya hapo tulikuwa tumekaa miaka mingi seminarini. Shahada tulikuwa nayo, lakini shule iliyotupokea haikuwa na mshahara wa kutupa. Ndipo rafiki mmoja alipotuandikia kwamba shule fulani ya sekondari karibu na Bagamoyo yatafuta mwalimu wa Kifaransa. Basi tukauza pikipiki yetu, tukamuaga mama, tukashika njia.

Tulishuka milima ya Ngomo mpaka Kamanyola, tukafuata bonde la Ruzizi mpaka Uvira, tukapita Bujumbura, na siku ya tatu tukafika Kigoma. Huko tuliona dagaa wameanikwa mchangani, weupe kama fedha, tukasema moyoni: "Lo! Hawa si sambaza wetu?" Wala hatukukosea sana. Sambaza, ambao kila mtoto wa Bukavu hudhani ni wa ziwa Kivu tangu kuumbwa kwa dunia, asili yao ni ziwa Tanganyika. Waliletwa kwetu na kupandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo hakuna mtu awaitaye wageni.

Kutoka Kigoma tulipanda gari moshi. Reli hiyo ilijengwa na Wajerumani, ikafika Kigoma mwaka 1914, na urefu wake mpaka Dar es Salaam wapata kilomita 1,250. Tulipita Uvinza penye chumvi, Tabora penye miembe, Dodoma, na Morogoro chini ya milima ya Uluguru. Karibu siku mbili nzima tulikaa ndani ya behewa. Mwaka 2024 ilifunguliwa treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iendayo mbio sana. Lakini hatujutii ule mwendo wa polepole, maana ndani ya behewa lile ndimo tulimopata somo la kwanza.

Salamu

Tulipoingia tulimkuta bibi mmoja mwenye kikapu cha karanga. Tukamwamkia kwa furaha, kama tufanyavyo Kadutu: "Jambo, mama!" Watu wote wakacheka. Kijana mmoja akatuuliza kama sisi ni watalii. Tukatahayari sana. Baadaye tulielezwa kwamba huko neno "Jambo" peke yake limeachiwa wageni wa kizungu wanaokuja kutazama wanyama. Wenyewe huulizana "Hujambo?" na kujibu "Sijambo", na vijana wana zao, "Mambo?" na "Poa". Lakini mtu mzima hupewa "Shikamoo", naye hujibu "Marahaba". Wazee husema asili ya salamu hiyo ni "nashika miguu yako".

Twasema kweli: neno hilo lilikwama kooni kwa wiki nyingi. Tulijiuliza: mtu mwenye shahada, amkie hivyo muuza karanga? Mpaka asubuhi moja tukamwona askari mwenye nyota mabegani akisimama mbele ya mama mzee aliyekuwa akifagia njia, akampa shikamoo yake kwa adabu. Mama akaitikia "Marahaba, mwanangu", akaendelea kufagia. Tukaelewa kwamba salamu ile haitazami cheo wala mfuko, bali hutazama umri. Tangu siku hiyo haikutukwama tena.

Ombi si umaskini

Somo la pili tulilipata dukani. Tuliingia tukasema: "Nipe mkate!" Mwenye duka alitupa mkate, lakini uso wake ulifungwa kama mlango. Jirani yetu, mzee Mwislamu aliyekuwa fundi wa majahazi, alikuwa ameketi pale barazani. Akatuita.

"Mwalimu, huku hatusemi 'nipe'. Sema 'naomba mkate'."

Tukajibu kwa kiburi: "Mzee, sisi hatuombi. Fedha tunazo."

Akacheka mpaka akavua kofia. "Fedha ni ya mkate, Mwalimu. 'Naomba' ni ya mtu."

Wasomaji wapenzi, kwetu Bukavu kuomba ni kazi ya mwenye shida. Huko ni heshima ya kila siku: tajiri huomba chai, mkuu wa shule humwomba mwanafunzi chaki. Tena mtu akila, akikuona wapita, husema "Karibu chakula", hata kama sahani yake ni ndogo. Na ukijikwaa njiani, hata asiyekujua husema "Pole", ingawa si yeye aliyeweka jiwe.

Yasiyotupendeza

Isidhaniwe kwamba tulisifu kila kitu. Watu wa pwani hawapendi kusema "hapana". Tulimwendea fundi mmoja kwa ajili ya meza, akatuambia "kesho" mara saba, kwa upole mkubwa. Hapa kwetu fundi angetuambia wazi kwamba mbao hana, tungegombana, na jioni tungekuwa tumepatana. Mpaka leo hatujui njia ipi ni bora, lakini meza tuliipata baada ya miezi miwili.

Tena wengi walidhani kila Mkongomani ni mwimbaji. "Umetoka Kongo? Tuimbie basi!" Wengine waliijua nchi yetu kwa vita tu. Tuliwasimulia habari za chai na kahawa ya milima yetu, za maduka ya vitabu, za kwaya zetu za Jumapili, nao wakashangaa. Kumbe sisi nasi tuliwajua kwa mambo mawili matatu tu.

Lugha darasani

Lugha ndiyo iliyotusumbua zaidi, maana tulikwenda tukijivuna kwamba Kiswahili twakijua. Sombe yetu wao huiita kisamvu. Birai zetu ni viazi mviringo. Tukisema kinga, hawakujua kwamba twanena baiskeli. Wanafunzi wetu walicheka, kisha wakaandika maneno yetu katika madaftari yao kwa hamu kubwa, nasi tukaandika yao.

Lakini tuliona jambo moja la kutufikirisha. Katika shule za msingi za serikali watoto hufundishwa kwa Kiswahili, na wakiingia sekondari masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza. Tuliwaona vijana hodari, wenye maneno mengi uwanjani, wakiwa bubu darasani. Tukawakumbuka watoto wetu wa Bukavu wanaofungwa midomo vivyo hivyo na Kifaransa. Na si kwamba Kiswahili kina upungufu. Mwalimu Julius Nyerere, alipokuwa akiongoza nchi, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hatusemi lugha za kigeni zitupwe, maana Kifaransa ndicho kilichotulisha huko. Twasema tu kwamba mtoto apaswa kwanza kuelewa, kisha aelewe kwa lugha ya pili.

Njia iliyofika kwetu

Siku za Jumamosi tulizoea kutembea Bagamoyo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misioni pale mwaka 1868, wakakusanya watumwa waliokombolewa. Mwaka 1874 mwili wa Livingstone, uliobebwa na watumishi wake kutoka bara, ulipumzishwa hapo kabla ya kuvuka bahari. Na mwaka 1878 Mapadre Weupe wa kwanza waliondoka pale na wapagazi wao kwenda kwenye maziwa makuu. Kundi moja lilifika Ujiji mwanzoni mwa 1879. Ndugu zao wa shirika lilo hilo ndio waliotuletea Injili sisi wa Kivu.

Lakini njia ile ile ilikuwa ya minyororo. Misafara ya pembe na ya watumwa ilitoka Maniema, ikavuka Tanganyika, ikateremka mpaka pwani. Hata jina la Bagamoyo watu hulieleza kwa namna mbili. Wengine husema mpagazi alifika akaubwaga moyo wake, yaani akapumzika. Wengine husema mtumwa aliubwaga moyo kwa kukata tamaa, kwa kuwa mbele yake kulikuwa na maji tu. Kiswahili chetu kilikuja kwetu kwa njia hiyo hiyo, na baadhi ya watu wetu walibaki mwisho wake. Huko Ujiji na Kariakoo, Dar es Salaam, wapo mpaka leo wajukuu wa Wamanyema. Tulipokaa nao tuliona kwamba hatukuwa wageni wa kwanza kutoka Kongo, bali wa mwisho katika safu ndefu.

Mwezi wa Februari 2025

Sasa twafika kwenye swali linaloulizwa kwa sauti ya chini. Katikati ya mwezi wa Februari 2025 tulisikia redioni kwamba wapiganaji wa M23 wameingia Bukavu. Tulipiga simu kwa mama, haikuitika. Siku tatu haikuitika. Tulifundisha darasani vitenzi vya Kifaransa, lakini hatukujua tusemalo. Siku ya nne mama alijibu. Alikuwa hai, amejifungia ndani na watoto wa jirani. Akasema neno moja tu: "Usikuye. Kaa kule."

Mwanzoni mwa Machi mwaka huo, mfungo wa Ramadhani na Kwaresima yetu vilianza kwa kukaribiana. Yule mzee fundi wa majahazi alituita kila jioni barazani kwake. Alifungua saumu yake kwa tende na uji, nasi tukala pamoja naye mlo wetu mmoja wa mfungo. Kabla ya kula aliinua mikono akauombea mji wetu, ambao hajauona, naye alilitaja jina la Bukavu polepole ili asilikosee. Hatutausahau wema ule.

Shule ilitaka tukae miaka mitatu zaidi. Mshahara ulikuwa wa kutosha, na mama mwenyewe alikuwa ametukataza. Wenzetu wengi walituambia kwamba kurudi ni upumbavu, wala hatukuwa na jibu zuri la kuwapa. Tulikumbuka kwamba Nyerere naye, alipomaliza masomo yake Edinburgh mwaka 1952, alirudi akafundisha katika shule ya Pugu. Lakini yeye alirudi katika nchi yenye amani, nasi hatupendi kujilinganisha na wakuu. Kilichotusukuma ni kidogo zaidi. Mwalimu mmoja wa mtaa wetu alituandikia kwamba darasa la sita lina watoto tele na halina mwalimu. Tukalisoma barua lile usiku mara nyingi, na asubuhi tukamwendea mkuu wa shule, tukasema: "Naomba ruhusa ya kurudi kwetu."

Tulipita Rusumo, Kigali na Rusizi, tukavuka daraja la Ruzizi kwa miguu. Mama alitupokea mlangoni. Sisi kwa mazoea tukainama tukasema: "Shikamoo, mama. Naomba maji ya kunywa." Akatutazama kwa muda mrefu, machozi yakimlengalenga. Kisha akasema: "Mutoto wangu, unasema sawa radio. Sema na mimi sawa zamani." Tukasema naye kama zamani, mpaka usiku wa manane.

Basi, enyi wanafunzi, mkipata nafasi ya kwenda ugenini, nendeni. Ulizeni bila haya, kwa maana kuuliza si ujinga. Msidharau la wenyeji, wala msione aibu kwa la kwenu. Hatuwahukumu waliobaki huko, kwa kuwa kila nyumba ina mzigo wake, na fedha wanazotuma zimelisha wengi. Sisi tulirudi, na darasa la sita tulilikuta linangoja. Kila asubuhi watoto hao humpa mlinzi wa shule, mzee wa miaka sabini, shikamoo yake. Mara ya kwanza alidhani wanamcheka. Siku hizi wakichelewa, yeye ndiye huuliza: "Na salamu yangu?"