Mavazi ya Watu Katika Picha (3): Kutoka Venice hadi Isiolo

Sehemu iliyopita ilitufikisha Venice mwaka 1590, Cesare Vecellio alipotoa kitabu chake cha mavazi ya mataifa, chenye picha zaidi ya 400 zilizochongwa kwenye mbao. Humo mkulima husimama peke yake kwenye karatasi tupu, hana shamba, hana mifugo. Mtu mmoja kabebeshwa kijiji kizima.

Vitabu vya mavazi vya aina hiyo vilinunuliwa na watu wa mjini wenye uwezo, na wachoraji wengi hawakutia mguu katika nchi walizozichora, walinakiliana tu. Kile cha François Deserps, kilichotolewa Paris mwaka 1562, kinampanga mkulima pamoja na askofu wa baharini, kiumbe nusu mtu nusu samaki! Mimi namwamini zaidi Albrecht Dürer. Katika mchoro wake wa 1514 wa mume na mke wa shambani wakicheza ngoma, mwanamke ana kibeti na funguo vikining'inia kiunoni. Hapo unamwona mtu mwenye nyumba yake na shughuli zake.

Sisi wa Isiolo nasi mchoraji wetu wa mavazi tunaye. Joy Adamson, ambaye wengi humjua kwa ajili ya simba Elsa, aliishi hapa na mumewe George, afisa wa wanyamapori wa iliyokuwa NFD (Northern Frontier District), wilaya ya mpaka wa kaskazini mwa Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora makabila ya Kenya kabla mavazi ya jadi hayajapotea. Picha zikafika mamia, na nyingi zimehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Kitabu chake juu ya watu hao kilitoka mwaka 1967.

Yeye alimkalisha mtu hai mbele yake, ndiyo maana nyuso zake hazifanani. Mavazi ndiyo ya kutazamwa kwa makini. Kazi yenyewe ilitaka ya jadi, basi mengi tunayoyaona ni ya sherehe na ya vyeo. Merikani, kaptura na shuka za dukani zilikwisha kuenea zamani. Asidhani mtu kwamba wafugaji walikwenda kunywesha ngamia wamejipamba vile.

Halafu kuna ushanga. Shanga za kioo tunazoziita za jadi zilitoka kwa mafundi wa Venice, mji uleule wa Vecellio, na baadaye viwanda vya Bohemia, katika nchi ya Cheki ya leo, alikozaliwa Joy mwaka 1910. Jadi yetu ilipitia dukani tangu zamani, wala sioni aibu yoyote hapo.

Leo sokoni Isiolo utamkuta mama wa Kiturkana, ushanga umempanda hadi kidevuni, kavaa fulana ya kampeni na akala za tairi. Vecellio angemvua fulana kwanza, ndipo ashike kalamu.