Gari jipya la umeme? Kijana wa Garsen, anza na hesabu ya Malindi

Ukiishi Nairobi, kununua gari la umeme ni swali la pesa. Ukiishi Garsen, ni swali la barabara kwanza, pesa baadaye. Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100. Hadi Mombasa ni kama 230. Ukipanda juu kuelekea Hola ni takriban 100, na upande wa Lamu, kufika Mokowe pia ni zaidi ya 100. Gari la petroli likiishiwa njiani unatuma mtu wa boda na mtungi. La umeme likizima kati ya Minjila na Gongoni, hakuna mtungi wa stima.

Kwa hivyo kabla hujavutiwa na rangi na ile skrini kubwa, jiulize: je, gari hili linaweza kunipeleka Malindi na kunirudisha bila kuchajiwa popote? Hiyo ni kama kilomita 230. Ndiyo safari ya hospitali kubwa, ya shopping, ya kumpokea ndugu uwanja wa ndege. Gari likishindwa na hiyo, umenunua gari la kuzunguka mjini, na mji wetu si mkubwa hivyo.

Chukua mfano wa Atto 3 ya BYD, ambayo CFAO imekuwa ikiiuza Kenya. Inakuja na betri za aina mbili. Moja ni ya uniti 50 hivi, na nyingine ni ya uniti 60. Kwenye karatasi, ndogo inaenda kilomita 345 na kubwa 420. Muuzaji atakwambia, "Boss, hii mia nne inamaliza bila shida." Hadanganyi sana, lakini namba hiyo hutokana na vipimo vya maabara. Wewe utakuwa barabarani mchana, jua limewaka, AC iko juu, abiria wanne na magunia mawili ya embe nyuma, mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Punguza robo. Kisha acha asilimia 15 ya chaji ambayo huigusi, maana diversheni huwa haitoi taarifa. Ya 345 inabaki na kama 220. Ya 420 inabaki na 265 hivi. Moja imekosa Malindi na kurudi kwa kidogo tu, nyingine imefaulu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo unayoilipia betri kubwa.

Vigari vidogo kama Air EV Yetu, vilivyozinduliwa Nairobi na kampuni ya Autopax mwaka 2024, vinatangazwa kwa kilomita 200 au 300. Vinapendeza na vinaegeshwa popote. Kwa mtu anayelala Garsen na kazi yake iko Tarasaa au Ngao, vinatosha kabisa. Kwa Malindi na kurudi siku moja, hapana.

Sasa stima. Laini kubwa ya kilovolti 220 kutoka Rabai kupitia Malindi hadi Lamu inapita Garsen, kwa hivyo si kweli kwamba huku umeme ni ndoto. Tatizo la kijana liko karibu zaidi: unakaa ploti ya kupanga. Mita labda mnashirikiana na majirani watatu, na waya wa nyumba uliwekwa kwa ajili ya balbu, TV na pasi. Ukichomeka gari kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, linavuta kama kilowati 2 na nusu kwa saa nyingi mfululizo. Betri ya uniti 60 ikiwa tupu itachukua zaidi ya siku nzima kujaa, na soketi dhaifu itayeyuka kabla ya hapo. Chaja ya kufungwa ukutani ya kilowati 7 inajaza usiku mmoja, lakini inahitaji waya wake mnene kutoka kwenye mita, swichi yake ya usalama na ardhi iliyochimbiwa vizuri. Hiyo ni ruhusa ya mwenye nyumba. Ongea naye kabla hujalipa deposit ya gari, si baada ya kulileta mlangoni.

Kenya Power ina bei maalumu ya kuchajia magari tangu 2023: Sh16 kwa uniti mchana na Sh8 usiku, kabla ya kodi na ada nyingine. Bei tamu, ila inataka mita yake peke yake. Mpangaji wengi wetu tutachaji kwa tokeni za kawaida, basi tupige hesabu kwa Sh30. Malindi na kurudi itakula uniti 40 hivi, yaani Sh1,200. Gari la petroli linalokwenda kilomita 14 kwa lita litakunywa lita 16, na lita ikiwa Sh180, hiyo ni karibu Sh2,900. Unaokoa Sh1,700. Ukienda mara nne kwa mwezi ni Sh6,800. Hizo ni pesa, lakini hazilipi mkopo wa gari la mamilioni. Asikudanganye mtu kwamba gari "litajilipa" kama unaliendesha Jumamosi tu. Anayeendesha kila siku kwa kazi ndiye anayeona faida.

Ukishaamua, sasa unaingia yadi Mombasa au Nairobi, na gari lipo pale pale, tayari. Raha ya stoki ni kwamba husubiri meli. Ubaya wake ni kwamba hujui limekaa hapo tangu lini. "Jipya" maana yake halijasajiliwa. Halina maana kwamba limetengenezwa juzi. Angalia bamba la kiwandani, kisha angalia tairi: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi zikisema 1523, zilitoka kiwandani wiki ya 15 ya mwaka 2023. Uliza betri iliachwa na chaji kiasi gani muda huo wote, maana kukaa tupu kwa miezi au kukaa imejaa pomoni juani, vyote vinaichosha. Na ile betri ndogo ya volti 12 huenda imeshakufa. Ibadilishwe kwa gharama yao.

Umri wa stoki pia ni silaha yako ya kupunguziwa. Bei za magari haya zinashuka haraka kiwandani. Mei 2025 BYD ilipunguza bei za baadhi ya modeli kule China kwa hadi asilimia 34. Dila aliyenunua kabla anajua hilo. Mwambie na wewe unajua.

Joto nalo lina historia. Mwaka 2012 wenye Nissan Leaf katika jimbo la Arizona, Marekani, walilalamika kwamba betri zao zilikuwa zinapungua nguvu mapema, kwa sababu joto la huko ni kali na betri ile haikuwa na mfumo wa kupoozwa kwa maji. Bonde la Tana si baridi pia. Dai betri inayopoozwa kwa maji, na uiangalie kwenye karatasi ya vipimo.

Halafu mafuriko. Mwishoni mwa 2023 maji ya Tana yalikata barabara ya Garsen kwenda Lamu kule Gamba na Lango la Simba. Betri nyingi zimezibwa kwa kiwango cha IP67, yaani zinavumilia maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Hicho ni kipimo cha betri, si ruhusa ya kuvuka. Soma warantii kuhusu maji, na soma bima pia.

Kwenye warantii hiyo uliza nani ataifungua betri ikisumbua. Fundi wetu wa jua kali ni hodari, lakini akigusa nyaya za volti 400 bila vifaa anaweza kufa, na warantii nayo inakwisha. Kama jibu ni Nairobi, uliza nani analipia lori la kulibeba kutoka Garsen, kwa sababu gari la umeme halifai kuvutwa kwa kamba.

Kwa asiyetaka riba, benki za Kiislamu kama Gulf African zina murabaha: benki inalinunua gari, kisha inakuuzia kwa faida mliyokubaliana mwanzoni.

Na usikubali jaribio la kuzunguka jengo. Omba gari likiwa na asilimia 100, AC ikiwa imewashwa, mwende kutoka Mombasa hadi Kilifi na kurudi. Ni kama kilomita 120. Mkirudi, soma skrini. Limebaki na zaidi ya asilimia 55? Malindi utaenda na kurudi. Chini ya hapo, mshukuru muuzaji, uombe kuona lenye betri kubwa.